Mwaka Nilipoitwa Mwenezi

Nilipaswa kukataa. Mratibu wa elimu ya watu wazima alikuwa amesimama kando ya ukuta wa ghala la korosho, karatasi yangu mkononi, akaniuliza kama nina neno la kuongeza kabla hajaipeleka Newala ikachapishwe na kutumwa vijiji vingine. Nilikuwa nalo. Nilimwambia, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia, kwamba yale ya kuku na maji yalikuwa utani wa msibani, na kwamba labda Jumamosi ijayo niandike masahihisho. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Danieli," akasema, "gazeti likijikanusha wiki ya pili, wiki ya tatu atalisoma nani? Wewe umeandika ulichosikia. Liache hivyo hivyo. Mimi nina nafasi ya karani ofisini Masasi, na nataka kijana asiyeogopa maandishi yake." Nikasema, "Sawa, Mratibu." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya shati, akawasha pikipiki. Nilibaki pale nikiangalia vumbi jekundu likitua juu ya majani ya mikorosho, na nakumbuka kwamba sikujisikia vibaya hata kidogo. Nilikuwa nawaza nitanunua suruali gani nikihamia mjini.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali ya Mkomaindo kupima macho. Kwenye benchi la kungojea alikaa mama mmoja wa Kimakonde, mtu mzima, kitenge kimemkaa vizuri, na muuguzi alipoita jina lake nikashtuka. Ni jina la kawaida huku kwetu, Somoe, lakini la baba yake sikuwahi kulisikia kwa mtu mwingine. Nikamngoja atoke. Nitaeleza baadaye tuliyozungumza, maana hayakuwa mengi. Toka siku hiyo nimekuwa nikikaa barazani kwangu hapa Lulindi, peke yangu kama kawaida, nikiupitia mwaka ule mmoja kama mtu anayetafuta shilingi ndani ya mchanga, na nimeona heri niuandike.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, cheti cha kidato cha nne, na sina kazi. Ilikuwa ile miaka ya kisomo, watu wazima wakifundishwa kusoma chini ya miti na ndani ya maghala, na vijana kama mimi tukipelekwa vijijini kuwafundisha. Nilipangiwa kijiji kimoja nje kidogo ya Kitangari. Kazi zangu zilikuwa mbili: kufundisha jioni, na kila Jumamosi kuandika gazeti la ukutani, karatasi kubwa ya mfuko wa saruji iliyogeuzwa upande wa ndani, ikabandikwa ghalani ili wanakisomo wapate kitu cha kusoma kinachowahusu wao wenyewe. Nani kapata mtoto, mvua imenyesha wapi, mbuzi wa nani kapotea. Kwenye barua yangu ya kazi niliitwa mwalimu wa kujitolea, lakini mwenyekiti wa kijiji alinitambulisha kwa watu kuwa ni mwenezi, na jina hilo likanishika. Watoto walikuwa wakinipita njiani wakisema, "Shikamoo, Mwenezi," nami nikiitikia marahaba kwa sauti nzito ambayo haikuwa yangu.

Nilipewa chumba kwenye nyumba ya Baba Somoe. Kilikuwa chumba cha uani, kuta za udongo, dirisha la ukubwa wa sinia, na harufu ya korosho zilizowahi kuhifadhiwa mle. Juu ya kitanda changu cha kamba palikuwa na kiguzo kilichochongwa uso wa mtu, nusu tu, mchongaji alikiacha akaenda kulima asirudi tena. Nilitundika shati langu hapo. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kila nilichokuwa nakifanya kilisikika, na kila walichosema nilikisikia. Baba Somoe alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye cheko la ghafla, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kisima. Anayejua uwanda wa Makonde anajua maana ya hilo. Mchanga wa kule hunywa mvua yote, wala hakuna mto. Kabla ya kile kisima wanawake walikuwa wakishuka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakomaa. Kisima kilijengwa kwa saruji chini ya bati la ghala, kikikusanya maji ya mvua, na kila asubuhi Baba Somoe alifungua kufuli, akasimama, akawagawia watu, ndoo moja kwa kila nyumba. Ndoo ya mwisho ikijaa hakufunga. Aliuliza kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Yameenea?" Wanawake wakijibu, "Yameenea, Baba Somoe," ndipo alipogeuza ufunguo. Wakati mwingine mama fulani alisema bado mama wa nyumba ile, anaumwa, hakuja. Basi yeye mwenyewe alibeba ndoo akampelekea.

Mimi ni Myao, na Wayao na Wamakonde ni watani. Sina haja ya kueleza sana, isipokuwa kwa wajukuu wa siku hizi wanaodhani utani ni maneno ya mpira tu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua kuku wako akamla, na wewe huna ruhusa ya kununa. Msibani ndiye anayekuzika, na ndiye anayekuchekesha wakati unalia. Siku ya kwanza nilipokaa nao kula, Baba Somoe alisogeza sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha mbele yangu akasema, "Kula, mjukuu wa wauza watu. Babu zako walituuza Kilwa kwa shanga, mimi nakulisha bure." Nikamjibu kwamba babu zangu walipata hasara, maana aliyewanunua Wamakonde alilalamika kuwa wanakula panya wote wa nyumba. Mama Somoe akacheka mpaka akaweka mkono kifuani. Nikajua nimefika nyumbani. Kwa muda wa miezi minane nilikuwa na nyumba ya namna hiyo, na sijapata nyingine tena.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na kisamvu. Somoe, aliyekuwa msichana wa miaka kama kumi na sita, ndiye aliyeleta maji ya kunawa. Baba yake akaniuliza, "Hivi, mtani, hili jina walilokupa, mwenezi, maana yake nini?" Nikamwambia ni mtu anayepeleka habari mbali. "Huyo ni tarishi," akasema. Nikamwambia si tarishi, tarishi humpelekea mtu mmoja, mwenezi huwapelekea watu wengi. Akatafuna akifikiri. "Sisi hapa tukisema kitu kimeenea, hatusemi kimekwenda mbali. Huu ugali, je, kila mtu amepata? Basi umeenea." Mama Somoe akadakia, "Haujaenea. Tonge la Somoe umekula wewe." "Limekwenda mbali," akasema mumewe, akijishika tumbo. Tukacheka. Mimi nikajitia msomi, nikaenda chumbani kuchukua kamusi yangu, kitabu kisicho na jalada nilichopewa na mwalimu wangu wa hapa Lulindi, nikawasomea karibu na kibatari. Humo mliandikwa kwamba kuenea ni kufika kila mahali, na pia kutosha kwa wote, na pia, kwa nguo, kumkaa mtu sawasawa na mwili wake. Baba Somoe alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Umeona? Hata kitabu kinajua. Kueneza ni kumpa kila mtu kadiri yake. Wewe ukipeleka neno kwa mtu asiyelihitaji, hujaeneza. Umemwaga."

Nimelifikiria sana neno hilo katika uzee wangu. Nilimwuliza yule mwalimu wangu kabla hajafariki, naye aliamini kwamba maana ya kutosha na ya kukaa sawasawa ndiyo ya zamani, ya jikoni na ya fundi wa nguo, na kwamba hii ya kupeleka habari na mafundisho ilikuja baadaye, baada ya vitabu na redio. Sijui kama ni kweli. Sikusoma kiasi cha kujua asili ya maneno, na wataalamu watanisahihisha. Ninachojua ni kwamba watu wanaosema kueneza dini, kueneza elimu, kueneza uvumi, wengi wao hawaulizi lile swali la asubuhi la Baba Somoe, nani amepata na nani amekosa. Wanauliza limefika wapi. Mimi pia niliuliza hivyo. Jumamosi nilipobandika karatasi nilikuwa nasimama mbali kidogo nikihesabu vichwa.

Baba Somoe alikuwa mwanafunzi wangu. Hilo sijalisema bado. Alianza kisomo hajui kushika kalamu, na ilipofika miezi sita alikuwa anasoma kwa kidole, silabi moja moja, midomo ikitangulia sauti. Aliyapenda mambo hayo kuliko kijana yeyote darasani. Wakati wa mchana nilikuwa namsikia kupitia ukutani akisoma maandishi ya kopo la mafuta ya kujipaka, tena na tena, mpaka mkewe anamwambia, "Baba Somoe, kopo limeshasikia."

Kaka mkubwa wa Baba Somoe akafa msimu wa mabibo, matunda ya mikorosho, hewa yote ikinuka utamu uliochacha. Watani walikuja kutoka Masasi na vijiji vya karibu, na miongoni mwao alikuwako bibi mmoja wa Kiyao aliyeitwa Abiti Saidi, mwenye ulimi ambao watu walitembea masafa kuusikiliza. Watu walipokuwa wanalia alikwenda akakaa juu ya kinu katikati ya ua, akakatalia hapo, maiti isipite. "Mnalia nini, nyie Wamakonde? Marehemu kafa kwa kiu. Mdogo wake hapa ana ufunguo wa kisima kiunoni, maji anayabadilisha kwa kuku. Kuku mmoja, debe mbili. Hamniamini? Angalieni banda lake. Kuku wote wale kawatoa wapi, yeye anataga?" Kilio kikakatika, watu wakaziba midomo kwa khanga. Baba Somoe, macho mekundu, alikwenda bandani akarudi na kuku ananing'inia miguu juu, akamtupia bibi mapajani. "Chukua huyu basi, mama wa wauza watu. Ni wa jana. Wa debe mbili." Abiti Saidi akashuka kwenye kinu, na maiti ikapita. Niliona kwamba ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, na bado naona hivyo.

Jumamosi ile karatasi ilikuwa na nafasi tupu chini. Nikaandika, chini ya kichwa cha habari "Tumesikia": Maji ya kisima hubadilishwa kwa kuku. Kuku mmoja, debe mbili. Mwenyewe amekiri mbele ya watu. Sikuandika kwamba yalisemwa msibani, wala kwamba msemaji alikuwa mtani. Nilidhani kila mtu anajua. Na kweli, waliokuwako msibani walicheka. Lakini nusu ya kijiji walikuwa watu waliohamia juzi kutoka vitongoji vya mbali, hawakuwa wamezika, na wote walikuwa wametoka tu kujifunza kusoma. Mtu aliyesumbuka mwaka mzima kuyapata maandishi hawezi kuamini kwamba maandishi yanatania. Niliwafundisha mimi mwenyewe kwamba kilichoandikwa hakibadiliki.

Baba Somoe alikuja na kidole chake. Watu wakampisha, kwa heshima ya msiba. Akasoma kwa sauti, akijivuna kidogo, "Ma-ji ya ki-si-ma," na nikaona anafurahia kuwa anaweza. Akaendelea mpaka mstari wa mwisho, akaurudia. Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Kukiri ndiyo nini, mtani?" Nikamwambia, "Ni kukubali kosa." "Ahaa," akasema. Nyuma yake mwanamke mmoja mgeni alikuwa anamwuliza mwenzake kuku wangapi. "Umeandika vizuri," Baba Somoe akaniambia. "Herufi zako zinasomeka." Akaenda zake.

Siku tatu baadaye ndipo alipokuja mratibu, nikasema yale maneno mawili niliyoyaeleza mwanzo. Karatasi ikapigwa chapa, ikasomwa vijiji ambako watu hawajui sura ya Baba Somoe wala ya Abiti Saidi, na kabla mwezi haujaisha ukaitishwa mkutano wa kijiji. Uliitishwa pale pale ghalani. Mwenyekiti alisoma karatasi ya Newala akamwuliza Baba Somoe kama ni kweli. Watu wa nje huniuliza, kwa nini hakusema tu kwamba ulikuwa utani? Wanaouliza hivyo hawajui. Kusema hivyo barazani ni kumtaja mtani wako, aitwe, ahojiwe, aambiwe athibitishe. Mtani hapelekwi barazani. Ukimpeleka umeukata utani, umemfanya mtu aliyekuzikia ndugu yako kuwa mshitakiwa. Baba Somoe alisimama, akakung'uta mchanga kwenye shuka lake, akasema, "Mimi sina neno. Mwulizeni aliyeandika." Wote wakanigeukia. Somoe alikuwa amekaa na wanawake, ndoo tupu mbele yake, na yeye pia akanigeukia. Nilikuwa Myao, nilikuwako msibani, nilikuwa mtani. Mimi peke yangu ningeweza kusema lile neno bila kuvunja kitu chochote. Na tayari nilikuwa na barua ya ofisi ya Masasi ndani ya begi. Nikasema, "Niliandika nilichosikia."

Hakuna uongo ndani ya sentensi hiyo. Nimeichunguza miaka karibu hamsini.

Baba Somoe akafungua ufunguo kiunoni akauweka mezani. Mtu mwingine akapewa, kijana mwenye haraka, aliyefunga kufuli saa aliyoitaka yeye. Jioni ile sikujua kama nile au nisile. Nikamsikia Mama Somoe upande wa pili wa ukuta akisema, "Mpelekee." Na mumewe, "Aitwe aje, hali chumbani kama mgonjwa." Nikatoka. Sahani ilikuwa mahali pake, kisamvu kile kile. Nilingoja aniite mjukuu wa wauza watu. Nilikuwa nimetayarisha jibu, nililishika mdomoni kama tonge. Baba Somoe akasogeza bakuli la maji ya kunawa akasema, "Karibu, Mwalimu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyomwambia mgeni wa serikali. Tulikula. Somoe alikusanya vyombo. Hakuna aliyenikejeli jioni ile wala jioni nyingine tano zilizobaki, na siku ya sita nikapanda lori la korosho kushuka Masasi.

Walihama baada ya mavuno, wakarudi kwenye shamba lao la zamani ukingoni mwa uwanda, ambako maji ni ya bondeni. Nilizipata habari hizo ofisini, nikiwa karani. Nilikaa kazini hapo mpaka nikastaafu. Mara tatu nilipanga kwenda kumwona. Mara ya kwanza nilifika mpaka Kitangari, nikanywa chai, nikarudi.

Pale Mkomaindo Somoe alinitambua kabla sijajitambulisha. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Mama. Wewe si Somoe?" Akasema ndiye, Mama Zuhura sasa, ana wajukuu wanne. Baba yake alifariki zamani, mama yake miaka mitatu iliyopita. Baba yake aliendelea kusoma mpaka mwisho, akasema, alikuwa anasoma kila kikaratasi, hata cha dawa. Nikamwambia nilimkosea baba yake na nilijua siku ile ile. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, au tusi. Yeye akatikisa kichwa polepole. "Baba hakukusema vibaya hata siku moja, Mzee. Alisema wewe ni mtoto wa watu, ulitumwa." Sikuweza kulivumilia hilo. Nikajaribu jambo la kijinga. Nikasema, "Na nyie, bado mnakula panya?" Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mzee aliyepotea njia ya choo, akajibu, "Siku hizi tunakula chochote kinachopatikana, Mzee." Akaniaga kwa adabu zote.

Nilikuwa nadhani ni yeye tu. Nikiwa barazani ndipo nilipoanza kuzipanga siku moja baada ya nyingine, nikaona kwamba tangu mwaka ule hakuna Mmakonde aliyenitania. Ofisini walikuwako wengi. Waliwatania Wayao wengine, wakawanyang'anya soda mikononi, wakawaita majina ya babu zao, na mimi nikiingia wanasimama, "Habari za asubuhi, Mzee Danieli." Nilidhani ni heshima ya cheo. Safari moja nilimsikia mmoja akimwonya mwenzake mlangoni, "Huyo mwache, huandika." Nikapita, nikajifanya sikusikia. Neno hilo lilikuwa limefika kila mahali nilipokanyaga, na mimi ndiye niliyelianzisha.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa Myao kama mimi, mcheshi, na Wamakonde walimpenda. Walikuja wengi, kutoka Newala, kutoka vijiji vya bondeni. Walichimba kaburi wao, kama desturi, walibeba jeneza, waliimba kwa utaratibu nyimbo zetu za kanisani ambazo baadhi yao hawazijui. Kijana mmoja wa kwao alikwishashuka kaburini akawa analala chali, kama watani wanavyofanya, akatae kutoka mpaka apewe kitu. Nilimwona, na moyo wangu ulinyanyuka. Mzee mmoja akainama akamgusa bega, akamwambia neno sikioni. Kijana akanitazama, akasimama, akajikung'uta udongo, akasema, "Pole sana, Mzee."

Tukamzika kimya. Hakuna aliyekaa juu ya kinu, hakuna aliyeiba sufuria ya wali, hakuna aliyeniambia kwamba nimemuua kwa ubahili. Walinipa mkono mmoja mmoja, wakaondoka kabla ya jua kuzama. Nilipata kazi ya ofisini kwa miaka thelathini na moja. Nilipoteza watani wangu wote, na mke wangu akazikwa kama mgeni kwa sababu yangu.